Mzee na Simuleta: Mpe Siku, Usimpe Dakika Nyingi

Mzee aliyeendesha lori kati ya Dar es Salaam na Mbeya miaka 30 bila kutapika hata mara moja anaweza kuketi mbele ya skrini katika chumba kitulivu, akashika usukani usiounganishwa na gurudumu lolote, na kabla ya dakika 10 kwisha jasho la baridi likamtoka na moyo ukamchafuka. Waliomsindikiza hushangaa. Wengine hunong'ona kuwa sasa uzee umemfika kweli. Mwenyewe hutoka na aibu, akiamini ameshindwa mtihani. Wote wamekosea kuisoma dalili hiyo, na kosa hilo linaweza kumnyang'anya leseni, au likamvunja nyonga kwenye ngazi za kutokea.

Simuleta ya udereva ni kiti, usukani, pedali na skrini moja au zaidi zinazoonyesha barabara. Nyingine hujengwa ndani ya gari zima, na zile za gharama kubwa husimama juu ya miguu ya mashine inayokiinamisha kiti. Marubani wametumia simuleta za ndege kwa miongo mingi. Siku hizi, katika baadhi ya vituo vya tiba vya Ulaya, Japani na Marekani ya Kaskazini, mtaalamu wa tiba kazi huitumia kumpima mtu aliyepata kiharusi, au aliyeanza kusahausahau, kama bado anaweza kuendesha gari kwa usalama. Hapo ndipo jambo hili linapowagusa wazee wetu wanaoishi na watoto wao Toronto au Leicester, kwenye miji ambayo mtu asiye na leseni hungoja kupelekwa hata dukani. Wazee wengi huko huhuisha leseni bila kuiona simuleta. Anayefikishwa mbele yake huwa tayari ametiliwa shaka, na huyo ndiye asiyepaswa kuingia bila maandalizi.

Nasaha zinazofuata ni kwa mzee mwenyewe na kwa anayemsindikiza. Kiini chake ni kimoja: mwili wa mzee huizoea simuleta, ila huizoea kwa siku, si kwa dakika. Ukimlazimisha avumilie leo, kesho atakuwa mgonjwa zaidi.

Kwa nini gari lisilotembea linalevya

Jicho linaona barabara inakimbia. Sikio la ndani, lenye mirija na chembe za chokaa zinazopima mwendo na mwinamo wa kichwa, linasema tumetulia. Mgongo na makalio nayo yanasema hakuna aliyetusukuma. Ni sawa na abiria wawili wanaomwelekeza dereva mmoja, huyu anasema kata kulia, yule anasema nyoosha. Ubongo usipojua umsikilize nani, mwili hujibu kwa kichefuchefu, kizunguzungu, miayo, macho mazito na jasho.

Maelezo hayo ya mgongano wa hisia yaliwekwa bayana na Reason na Brand katika kitabu chao cha 1975, na ndiyo yanayofuatwa zaidi. Mwaka 1991 Riccio na Stoffregen walileta hoja nyingine, kwamba mtu huugua pale mwili wake unapokuwa haujajua namna ya kujishikilia katika mazingira mapya. Kwa mzee hoja zote mbili zinafika palepale: kuna kitu mwili haujajifunza, na kujifunza kunataka muda.

Tatizo lilionekana mapema. Mwaka 1957 Havron na Butler waliandika juu ya mtambo wa kufundishia urubani wa helikopta wa Jeshi la Wanamaji la Marekani. Kati ya watu 36 waliowajibu, 28 walisema waliugua kwa namna fulani. Miller na Goodson, waliofuatilia mtambo huo, wakaona kuwa walimu wenye saa nyingi angani walisumbuka kuliko wanafunzi wao. Mwalimu anajua helikopta ya kweli inavyousukuma mwili inapoinama. Ubongo wake uliungojea msukumo huo na haukuja. Mwanafunzi hakuwa na cha kulinganisha. Dereva wa miaka 40 barabarani yuko upande wa mwalimu. Kuugua kwake kunaweza kutokana na kulijua gari mno.

Umri unabadilisha nini

Kwenye basi na boti, watoto wa miaka kati ya 7 na 12 ndio wanaochafukwa zaidi, na kadiri mtu anavyokua ndivyo anavyopata nafuu. Watu hudhani simuleta hufuata kanuni hiyohiyo. Haifuati. Tafiti nyingi za simuleta za udereva zimeona wazee wakiugua zaidi na kuacha katikati zaidi kuliko vijana. Wanawake nao huripoti dalili zaidi kuliko wanaume.

Sababu ziko kadhaa, na kila moja ina la kufanya. Vinywele vinavyohisi mwendo ndani ya sikio hupungua kwa miaka, hivyo taarifa za mizani humfikia mzee zikiwa hafifu, naye huegemea macho zaidi ili asimame wima. Simuleta basi inamdanganya kupitia mlango uleule anaoutegemea. Lenzi ya jicho nayo hukakamaa kuanzia miaka ya arobaini. Anayevaa miwani ya kusomea na kuonea mbali kwa pamoja hujikuta akiinua na kushusha kidevu atafute sehemu inayoonyesha skrini vizuri, na kila kichwa kinapoinama barabara ya bandia hucheza. Dawa za presha pia huweza kumpa mtu kizunguzungu anaposimama, hata pasipo simuleta.

Kabla ya kulaumu mashine, uliza hali ilikuwaje asubuhi. Dodoso linalotumiwa sana duniani kupima ugonjwa huu lilitolewa na mtafiti Robert Kennedy na wenzake mwaka 1993. Lina dalili 16, kila moja hupimwa kutoka hakuna hadi kali, nazo hugawanyika katika mafungu ya kichefuchefu, macho, na kupoteza mwelekeo. Lilitengenezwa kutokana na marubani wa jeshi, watu wenye afya teule. Mzee wa miaka 75 anaweza kuingia tayari na macho yaliyochoka, kichwa kizito na uchovu. Akijaza dodoso baada ya zoezi tu, mashine itabebeshwa dalili alizotoka nazo nyumbani. Omba alijaze kabla na baada, na tofauti ndiyo iangaliwe.

Akili ina sehemu gani

Hapa ndipo wasiwasi wa familia ulipo, kwa hiyo tutenganishe mambo mawili.

La kwanza, kuugua kwenye simuleta si ushahidi kwamba akili imepungua. Wale walimu wa helikopta walikuwa na akili timamu na mafunzo ya hali ya juu, wakaugua. Vijana wa chuo huugua. Hakuna daktari anayepaswa kuandika upungufu wa akili kwa sababu mtu alitapika.

La pili, uwezo wa akili unahusika na namna mtu anavyozoea. Mwaka 2012 Naohito Kawano na wenzake wa Nagoya, Japani, walichapisha utafiti kuhusu wazee kuchelewa kuizoea simuleta ya udereva na kuugua wakiwa humo. Utafiti huo kufanywa Japani si ajabu: karibu watu 3 katika kila 10 nchini humo wamevuka miaka 65, na tangu 2009 dereva wa miaka 75 na zaidi anayehuisha leseni hupimwa kumbukumbu na utambuzi.

Fikiria kazi anayopewa mzee kwa mpigo. Pedali za mashine ni nyepesi kuliko za gari lake. Usukani hauna ule uzito alioujua. Mtaalamu anampa maelekezo kwa Kiingereza, huku kasi na alama za barabarani zikimtaka azisome. Kasi ya ubongo kuchambua mambo hupungua na umri, na uwezo wa kugawa umakini sehemu mbili nao hupungua. Wakati huohuo ubongo wa nyuma, ule mdogo wa kisogoni, unajaribu kuandika upya kanuni: nikikata usukani hivi, nitaona hivi, na sitahisi msukumo. Kanuni hiyo ikikamilika ugonjwa hupungua. Mzee akibebeshwa mambo mengine mengi kabla haijakamilika, kazi huchelewa na tumbo ndilo linaloonekana kwanza.

Kwa hiyo mpunguzie mzigo. Jambo moja kwa wakati: kwanza akae tu na kuzoea kiti, kisha ajifunze breki, kisha usukani, ndipo barabara. Maelekezo yatolewe kwa lugha anayoiota usiku. Kituo kisipokuwa na mkalimani, omba uketi pembeni umtafsirie, na mkubaliane mapema na mtaalamu kwamba hutamsaidia majibu.

Kwa mwenye Alzheimer au kusahau kwa aina nyingine, kuna tahadhari ya ziada. Huenda asiweze kusema kwamba anaugua, au asahau kuwa aliambiwa aseme. Mwangalie yeye, usimsikilize tu: uso kupauka, miayo mfululizo, kumeza mate mara kwa mara, kukaa kimya ghafla alipokuwa akizungumza, mkono kwenda tumboni. Ukiona viwili kati ya hivyo, zoezi lisimame. Kila ziara mweleze upya, kwa maneno yaleyale, wala usiseme "lakini juzi ulifanya." Kwa wengi wenye maradhi haya, mazoea ya mikono hudumu kuliko kumbukumbu ya maneno.

Kabla ya siku yenyewe

Mweleze mtaalamu kama mzee ana kipandauso, ugonjwa wa sikio la ndani, historia ya kuanguka, au kama gari na boti vilimsumbua tangu utoto. Nenda na orodha ya dawa zake zote.

Nenda pia kwa mpimaji wa macho ukiwa na umbali wa kutoka kiti hadi skrini. Kituo kitakwambia kikiulizwa. Miwani ya lenzi moja kwa umbali huo humwokoa kuchezesha kidevu.

Chakula kiwe chepesi, saa moja au mbili kabla. Mkate na chai ya tangawizi vinatosha. Pilau ingoje jioni. Lakini asiende na njaa, hasa mwenye kisukari. Maji anywe kama kawaida. Akiwa na mafua, au hakulala vizuri, ahirisha.

Dawa za kuzuia kutapika ndizo zinazohitaji onyo kubwa. Promethazine na ndugu zake, dawa za mzio za kizazi cha kwanza, hununuliwa kirahisi, na kijana akimeza atasinzia tu. Kwa mzee huweza kuleta kuchanganyikiwa, mkojo kuziba na kuanguka. Zimo katika orodha ya Beers, ambayo tangu 1991 huwaongoza madaktari kuhusu dawa za kuepukwa na wazee. Na kuna hasara ya pili: mzee anapelekwa kupimwa wepesi wa akili, kisha anameza dawa inayoifanya akili kuwa nzito. Asimeze chochote cha namna hiyo bila daktari wake kukubali.

Ndani ya chumba

Omba feni ielekezwe usoni na chumba kiwe baridi kidogo. Joto na hewa iliyotuama huharakisha kichefuchefu. Kama anapenda muziki, apigiwe anaoupenda kwa sauti ya chini wakati wa mazoezi: Keshavarz na Hecht walionyesha mwaka 2014 kuwa muziki unaomfurahisha mtu hupunguza ugonjwa unaosababishwa na picha zinazotembea. Wakati wa kupimwa rasmi uzimwe.

Ashike usukani mwenyewe tangu mwanzo. Asianze kwa kuketi kama mtazamaji huku mtaalamu akionyesha. Tunajua kutoka magari ya kweli kuwa dereva huugua kwa nadra kuliko abiria, kwa kuwa anajua kitakachofuata. Pale mashine inapojiongoza, aambiwe mapema: sasa tunapinda kushoto, sasa tunasimama.

Kuna mambo matatu yanayoangusha wengi: kukata kona kali kwenye makutano, kuzunguka kipilefti, na kufunga breki kwa ghafla. Katika yote hayo picha nzima hufagia macho au husimama ghafla, na mwili hauhisi kitu. Yasiwepo kabisa siku ya kwanza. Asigeuze kichwa haraka; atazame mbali mbele, kwenye upeo wa barabara.

Mkubaliane kipimo rahisi kutoka 0 hadi 10, ambapo 0 ni mzima na 10 ni kutapika. Aulizwe kila dakika moja au mbili. Watafiti hufanya hivyo. Keshavarz na Hecht walitoa mwaka 2011 kipimo cha namba moja inayotajwa kila dakika. Akifika 3, simamisheni. Usingoje 7, kwa sababu dalili huendelea kupanda hata baada ya skrini kuzimwa.

Na namna ya kusimama ina maana yake. Baharini tunaambiwa tutazame upeo wa macho. Kwenye simuleta upeo wenyewe ndio unaodanganya, hivyo afumbe macho mara moja, na mtaalamu azime picha. Asiambiwe afunge breki kwanza.

Ratiba ya kuzoea

Domeyer, Cassavaugh na Backs walichapisha mwaka 2013 utafiti unaofaa kubandikwa ukutani katika kila kituo. Waliona kuwa kuacha siku 2 kati ya ziara ya kuzoea na siku ya kuendesha kulipunguza ugonjwa. Ubongo huendelea kupanga ulichojifunza mtu anapolala na kupumzika. Kuongeza dakika siku ileile hakuleti faida hiyo.

Ratiba ninayopendekeza ni hii. Ziara ya kwanza iwe dakika 5, barabara iliyonyooka, kasi ndogo, bila magari mengine. Aondoke akiwa bado mzima. Hilo ndilo lengo la siku. Apumzike siku mbili. Ziara ya pili ifike dakika 10, na mapindo mapana. Apumzike tena. Ziara ya tatu iingize kusimama na kona moja au mbili, kwa vipande vya dakika 5 vyenye mapumziko kati yake. Kipimo rasmi kije ziara ya nne. Kijana huenda akayamaliza yote haya asubuhi moja. Mzoea punda hapandi farasi, wahenga walisema, lakini hapa hupanda, akipewa nafasi ya kumzoea.

Akiugua ziara yoyote, inayofuata irudi hatua moja nyuma. Asirudishwe palepale alipougulia. Ziara tatu zikipita bila nafuu yoyote, acheni. Simuleta si dawa ambayo lazima imezwe.

Anapotoka

Mzee ashuke polepole, akishikwa mkono, baada ya kuketi robo saa macho yakiwa kwenye kitu kisichotembea. Mizani huweza kuyumba kwa saa kadhaa, na kwa umri huo kuanguka ni hatari kuliko kutapika. Asiendeshe gari siku hiyo. Baadhi ya vikosi vya anga huwazuia marubani vijana kurusha ndege halisi hadi saa kadhaa zipite baada ya simuleta. Mzee hastahili ulinzi mdogo kuliko huo. Ngazi, bafu na jiko jioni hiyo viwe na mtu karibu.

Usiitupie simuleta kila kitu. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, kifua kikibana, au maumivu makali ya kichwa yakija ghafla, hiyo ni dharura ya hospitali. Usisubiri hata hiyo robo saa.

Miwani ya wajukuu

Miwani ya uhalisia pepe, ile inayoziba macho yote mawili, imeingia majumbani na hata kwenye tiba ya viungo. Kanuni ni zilezile, kwa ukali zaidi, maana mzee haoni tena chumba alimo. Aketi kwenye kiti chenye mikono, asisimame. Achaguliwe mahali pa kutazama akiwa ametulia, kama ufukwe au msikiti wa kale, si michezo ya kupaa na kuporomoka. Dakika 5 zinatosha. Mjukuu anayecheka babu akiyumba afundishwe kwamba hicho kicheko kinaweza kuishia kwenye chuma ndani ya paja.

Matokeo yasomwe vipi

Mtu mwenye kichefuchefu haendeshi kama mzima. Hupunguza mwendo, hutazama chini, huacha kuangalia vioo, hukosa kuona mtembea kwa miguu. Maksi zake siku hiyo zinapima ugonjwa wake. Kwa hiyo zoezi lililokatishwa kwa sababu ya ugonjwa liandikwe "halikukamilika," kamwe lisiandikwe "ameshindwa," na apewe nafasi ya kupimwa ndani ya gari halisi akiwa na mkaguzi. Kinyume chake nacho ni kweli: mzee aliyemaliza simuleta bila kuugua hajathibitisha kuwa yuko salama barabarani. Amethibitisha tu kuwa tumbo lake limetulia. Uamuzi wa leseni utazame macho, kumbukumbu, miguu na uendeshaji wenyewe.

Basi kabla hujakubali tarehe, pigia kituo simu na uulize maswali matatu. Je, mzee atapewa ziara ya kuzoea siku mbili au zaidi kabla ya kipimo? Nani ana mamlaka ya kusimamisha zoezi, na je, mzee mwenyewe ni mmoja wao? Akiugua, ripoti itaandikwaje? Kituo kinachoyajibu yote matatu bila kigugumizi mpeleke mzee. Kisichoweza kuyajibu, omba akapimwe barabarani moja kwa moja, au tafuta kituo kingine.